Daktari wa Kuku Aliyeipenda Serengeti

Tarehe 28 Oktoba 1956, kituo cha televisheni cha Hessischer Rundfunk mjini Frankfurt kilirusha kipindi kipya kilichoitwa Ein Platz für Tiere, yaani Mahali pa Wanyama. Mwanamume mrefu, mwenye suti na uso mkavu, aliketi nyuma ya meza, akawasalimu watazamaji kama marafiki zake wapendwa, kisha akaanza kuzungumza taratibu kwa sauti ya puani. Mezani kwake palikuwa na mnyama hai. Safari nyingine alikuwa duma, safari nyingine sokwe mtoto, safari nyingine nyoka aliyejizungusha mkononi mwa mtangazaji huku mwenyewe akiendelea na maelezo yake kana kwamba hakuna kinachotokea. Watoto walikodoa macho wakimngoja mnyama amvurugie, na wazazi walikodoa vilevile.

Mtu huyo aliitwa Bernhard Grzimek. Kipindi chake kilidumu zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 1987, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hapakuwa na sura ya mpenda wanyama iliyojulikana Ujerumani Magharibi kuliko yake. Afrika Mashariki tunamfahamu kwa jambo moja tu: Serengeti. Kwao anakumbukwa pia kwa kuku. Mapambano hayo mawili yana ndoto moja na mtangazaji mmoja, ila gharama zake zililipwa na watu tofauti kabisa, na hapo ndipo historia yake inapotuhusu.

Kutoka yai hadi bustani

Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 mjini Neisse, katika jimbo la Silesia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Nysa. Baba yake, mwanasheria, alifariki mtoto akiwa bado mdogo mno. Kijana alifuga kuku tangu shuleni, akasomea udaktari wa mifugo Leipzig na Berlin, na tasnifu yake ya shahada ya udaktari ilihusu mishipa ya damu ya kuku. Wenzake walitaka farasi na ng'ombe wa maziwa. Yeye aliona kwamba kuku, mnyama anayefugwa na kila mtu na kudharauliwa na kila mtu, hana daktari wake.

Katika miaka ya 1930 aliajiriwa serikalini Berlin kushughulikia magonjwa ya kuku na ubora wa mayai. Aliandika vitabu vya kuwafaa wafugaji, akahangaika na madaraja ya mayai, uhifadhi wake na usafirishaji wake. Hiyo ilikuwa Ujerumani ya Hitler, na mwaka 1937 Grzimek aliingia chama cha Nazi. Baada ya vita alikana uanachama huo. Wamarekani walipoligundua jambo hilo walimsimamisha kazi kwa muda, kisha akarudishwa. Aliishi maisha yake yote bila kulizungumza kwa uwazi, na waandishi wa wasifu wake ndio waliokuja kulifukua kutoka kwenye nyaraka.

Kazi aliyosimamishwa ilikuwa ya ukurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mabomu ya Machi 1944 yalikuwa yameisambaratisha, na wanyama waliosalia walikuwa wa kuhesabika. Grzimek alikabidhiwa vifusi hivyo mwaka 1945, mji mzima ukiwa na njaa, na wakubwa wengine wakiona ni wazimu kulisha simba wakati watu hawana mkate. Akaleta sarakasi, bembea, wacheza ngoma na wanamuziki ndani ya uzio, akauza tiketi, na kwa fedha hizo akajenga upya. Somo alilolipata pale hakulisahau kamwe: mnyama hatetewi kwa hoja peke yake, lazima kwanza watu waje kumtazama, na wakishamtazama, watoe fedha.

Kutafuta wanyama wa kujaza bustani ndiko kulikomleta Afrika. Mwaka 1954 alipata okapi kutoka msitu wa Ituri, Kongo ya Wabelgiji, wa kwanza kuonekana hai Ujerumani. Alikwenda kama mnunuzi, akarudi na hofu. Mashamba yalikuwa yakipanuka, wawindaji wa Kizungu walikuwa wakijaza masanduku ya pembe na ngozi, na idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka. Aliandika kitabu alichokipa jina la kusema kwamba hapana tena mahali pa wanyama wa porini, na mwanawe Michael, kijana wa miaka 22, akakigeuza kuwa filamu iliyotuzwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 1956. Filamu iliingiza fedha. Baba na mwana wakajikuta na mtaji, na swali la kuutumia wapi.

Ndege ya milia

Wazo lao la kwanza lilikuwa la kifedha kabisa: wanunue ardhi na kuiongeza kwenye hifadhi ya Serengeti, Tanganyika, ambayo Waingereza walikuwa wakipanga kuipunguza. Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwapa ushauri ulio bora zaidi. Hakuna aliyejua kwa uhakika Serengeti ina wanyama wangapi, wala makundi ya nyumbu yanapita wapi mvua inapoanza na inapokatika. Kama wana fedha, wahesabu.

Basi wakajifunza urubani. Desemba 1957 waliondoka Ujerumani kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia kuanzia pua hadi mkia, wakavuka Bahari ya Mediterania na kufuata Nile kuelekea kusini. Mwanzoni mwa 1958 walianza kuruka chini juu ya mbuga, wakiigawa nchi katika vipande na kuhesabu kila kundi lililopita chini ya mbawa. Walipomaliza walikuwa na jumla ya wanyama wakubwa 366,980, nyumbu wakiwa 99,481. Hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba takwimu zao zilikuwa pungufu, lakini kabla yao kila mtu alikuwa akikisia tu. Waliwavisha wanyama kola za rangi kali ili wawatambue kutoka angani, wakakusanya majani na udongo na kuvipeleka maabara, wakitaka kujua kwa nini nyumbu huacha majani marefu ya kaskazini na kukimbilia majani mafupi ya kusini.

Jibu lao lilikuwa na uzito wa kisiasa. Nyumbu hawakuufuata mpaka ambao serikali ilikuwa ikiuchora. Sehemu kubwa ya mwaka walikuwa nje ya eneo lililopangwa kubaki hifadhi.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha ndege ya milia peke yake alipogongana na tumbusi. Ubawa ukaharibika, ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na miaka 24. Alizikwa siku hiyohiyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, chini ya rundo la mawe linaloonekana hadi leo na kila gari la watalii linaloteremka kuelekea Serengeti. Baba alirudi Frankfurt, akamalizia filamu. Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife, ilitoka mwaka huohuo, na Aprili 1960 ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Kitabu chenye jina hilohilo kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mjerumani aliyekuwa hajawahi kuvuka mto Rhine sasa alijua Seronera, ndani ya Serengeti, ni wapi.

Walioondoka Moru

Kuna watu ambao filamu hiyo iliwapa nafasi finyu. Wamaasai walikuwa wakichunga Moru na pembezoni mwa uwanda wa Serengeti muda mrefu kabla ya Hifadhi ya Taifa kuanza kazi mwaka 1951. Katika mapango ya vilima vya mawe vya Moru bado kuna michoro ya ngao waliyoichora morani. Sheria ya mwanzo iliwaruhusu waendelee kuishi ndani. Kisha wahifadhi, wengi wao wakiwa Ulaya na Marekani, wakaanza kulalamika kwamba ng'ombe, moto na maboma haviendani na hifadhi ya taifa. Serikali ikaunda tume, ikaleta mtaalamu wa ikolojia kutoka Uingereza, ikabishana na magazeti ya London.

Suluhisho lilikuwa kugawa nchi. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliridhia hati ya kuondoka Serengeti ya magharibi. Kwa kubadilishana, Ngorongoro, eneo la karibu kilomita za mraba 8,300, lingekuwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Mwaka 1959 sheria ikapita, na gavana akaliahidi baraza la Wamaasai kwamba maslahi yao yakigongana na ya wanyama huko Ngorongoro, yao yatatangulia.

Grzimek aliupinga mgawanyo huo, ila si kwa sababu ya Wamaasai. Kwake kosa lilikuwa kuondoa Ngorongoro kwenye hifadhi na kuwaachia watu. Aliandika waziwazi kwamba hifadhi ya taifa inapaswa kubaki nyika ya asili, na kwamba hakuna binadamu, hata mwenyeji, anayepaswa kuishi ndani yake. Aliwasifu Wamaasai kwa kutokula nyama ya porini, halafu akawahesabu miongoni mwa hatari kwa sababu ya mifugo yao. Upande wa magharibi, kwa Waikoma na majirani zao ambao babu zao waliishi kwa upinde, kamera ilionyesha mitego ya waya na mizoga, na jina walilopewa watu hao likawa moja tu: majangili. Wawindaji wa Kizungu wenye leseni walilaumiwa pia, kwa sauti ya chini kidogo.

Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Serengeti ni mali ya wanadamu wote, sawa na makanisa makuu na majumba ya makumbusho ya Ulaya. Ina uzuri wake hoja hiyo. Mtazamaji wa Frankfurt aliisikia akajiona mrithi. Mchungaji wa Moru, kama angeisikia, angejiona mpangaji.

Sayansi yenyewe ilikuja kuleta jibu ambalo halikuwamo katika filamu. Nyumbu wa Serengeti leo wanakadiriwa kufika milioni 1.3. Kilichowaongeza zaidi ya yote ni kutoweka kwa sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe na nyati wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890 na kuwaua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka. Sotoka ilitoweka katika mbuga hizo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ng'ombe wa wafugaji wa jirani walichanjwa. Afya ya nyumbu ilipita kwenye zizi la mfugaji. Daktari wa mifugo kama Grzimek alikuwa na kila sababu ya kuliona hilo mapema kuliko wengine, lakini televisheni ilipenda zaidi nyika isiyo na mtu.

Uongo uliojaza ndege

Uhuru wa Tanganyika ulipokaribia, wahifadhi wengi wa Ulaya waliamini Waafrika watawamaliza wanyama. Grzimek hakuwa mmoja wao. Aliona kwamba viongozi wapya wanahitaji fedha za kigeni, na kwamba mtalii anaweza kuzileta. Basi katika kipindi kimoja akawatangazia watazamaji kwamba sasa kampuni za safari zinauza ziara za pamoja kwenda kuona wanyama Afrika Mashariki kwa bei nafuu. Ziara hizo hazikuwapo. Alizibuni mwenyewe. Watu wakamiminika kwenye ofisi za mawakala kuziulizia, mawakala wakaona soko, na haukupita muda mrefu ziara zikapatikana kweli. Mwanahabari wa leo angefukuzwa kazi kwa mzaha wa aina hiyo. Wakati ule ulianzisha biashara.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko kwenye mkutano wa uhifadhi Arusha, akiahidi kwamba nchi mpya itawatunza wanyamapori na kuomba msaada wa wataalamu na fedha kutoka nje. Inasimuliwa kwamba mwenyewe hakuwa mtu wa kupoteza likizo akitazama mamba, ila alielewa vyema kwamba wapo watakaolipa kuwatazama. Hapo yeye na Grzimek walielewana. Mwaka 1963 chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilifunguliwa Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ili askari na wahifadhi wa Kiafrika wachukue nafasi za Waingereza. Shirika la Grzimek, Frankfurt Zoological Society, lilikuwa miongoni mwa waliosaidia. Maabara yenye jina la Michael ilijengwa Serengeti na kuwa chimbuko la utafiti unaoendelea hadi sasa. Mwisho wa kila kipindi mtangazaji alitaja akaunti ya michango, na marki za wastaafu na watoto wa shule zikageuka magari, redio na mishahara ya askari wa hifadhi, kuanzia Tanganyika hadi Kongo.

Haya hayakuwa madogo. Mwaka 1959 Tanganyika ilikuwa na hifadhi ya taifa moja tu. Leo Tanzania ina zaidi ya 20, na utalii umekuwa nguzo ya uchumi wake. Asiyempenda Grzimek bado anapita kwenye barabara alizozichora.

Makoti ya chui na vizimba vya waya

Nyumbani Ujerumani, umaarufu wa Serengeti ulimpa mtaji wa kuzungumza mengine, na hapo ndipo ukali wake ulipojitokeza. Aliwaonyesha watazamaji jinsi sili wachanga wa Kanada wanavyopigwa marungu juu ya barafu kwa ajili ya manyoya yao meupe. Ilichukua miaka mingi ya kelele za watu wengi katika nchi nyingi, lakini mwaka 1983 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku kuingiza ngozi hizo. Akawageukia wanawake matajiri wa Munich na Hamburg waliovaa makoti ya chui na duma, akawaeleza ni wanyama wangapi wanauawa ili mtu mmoja apendeze kwenye opera. Aliowasema walikuwa watazamaji wake mwenyewe. Koti la chui, lililokuwa fahari, likawa jambo la kuonea haya, na mkataba wa kimataifa wa CITES ulipoanza kufanya kazi mwaka 1975, biashara ya ngozi ya chui ilikuwa imekwishapoteza heshima yake Ujerumani.

Chansela Willy Brandt alimteua kuwa mshauri wa serikali kuhusu hifadhi ya mazingira. Mwaka 1970 Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Bavaria ilifunguliwa, ya kwanza Ujerumani, na Grzimek alikuwa mmoja wa waliopigania ianzishwe, pamoja na kwamba wakulima na wenye misitu walimzomea. Mwaka 1973 aliacha wadhifa huo akiona serikali inasikiliza sana na kutenda kidogo.

Si kila mwenzake wa televisheni alimstahi. Horst Stern, mwanahabari aliyekuwa na kipindi chake cha wanyama, aliona Grzimek anapendezesha mno na kuhuzunisha mno. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1971, familia zikiwa zimekaa mbele ya mti wa sikukuu, Stern aliwaambia Wajerumani kwamba kulungu wao wapendwa wamezidi idadi, wanaharibu misitu, na wawindaji matajiri ndio wanaowalinda kwa ajili ya pembe za kupachika ukutani. Mchekeshaji Loriot naye alivaa sura ya Grzimek mwaka 1976, akakaa nyuma ya meza na kutangaza kwa sauti ileile ya puani kuhusu chawa anayekula mawe. Mnyama huyo wa kubuni alipendwa hata akaingizwa kwa utani katika kamusi ya tiba.

Vita vyake vikali kuliko vyote vilikuwa vya kuku. Tangu enzi zake za wizarani, ufugaji ulikuwa umegeuka kiwanda. Kuku wa mayai walipangwa katika vizimba vya waya, ghorofa juu ya ghorofa, kila mmoja akipewa eneo lisilofika ukubwa wa karatasi ya A4. Hawezi kunyoosha bawa, hawezi kuchakura, hawezi kuoga vumbi wala kutafuta kiota, na anakaa hivyo hadi utagaji wake unapopungua. Grzimek alimjua kuku kuanzia mshipa wa shingo. Alijua pia hesabu za yai, na hakuna mwenye kiwanda aliyeweza kumwambia kwamba haielewi biashara.

Alionyesha vizimba hivyo katika televisheni, na akayaita mayai yaliyotoka humo kwa jina la kambi za mateso za Nazi. Neno hilo liliwaudhi wengi, na kutoka kwa mtu mwenye kadi ya chama ya mwaka 1937 lilikuwa na uchungu wa ziada ambao watazamaji hawakuujua. Wenye vizimba walimshtaki. Shauri likafika mahakamani Düsseldorf, na mahakama ikamwachia haki ya kulitumia. Viwanda havikufungwa. Mayai ya bei rahisi yaliendelea kununuliwa, na mwenye kununua alikuwa yuleyule aliyetoa mchango kwa ajili ya vifaru.

Hapa Grzimek aligusa palipouma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kuilinda Serengeti kulimgharimu mtazamaji marki chache na kumpa fahari. Kumlinda kuku kulimtaka alipe zaidi kila asubuhi, aache mazoea ya kifungua kinywa, agombane na mkulima wa kijiji chake, apigie kura sheria itakayompandishia bei. Katika vita vya kwanza aliyeondoka kwake alikuwa mchungaji wa Moru, ambaye hakuwa na televisheni. Katika vita vya pili aliyetakiwa kusogea alikuwa mtazamaji mwenyewe, na hakusogea upesi. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilibatilisha kanuni za vizimba mwaka 1999, miaka 12 baada ya mtetezi wa kuku kufa. Ulinzi wa wanyama uliingia katika katiba mwaka 2002, na Umoja wa Ulaya uliondoa vizimba vya aina ya zamani mwanzoni mwa 2012.

Urithi wenye sura mbili

Grzimek alifariki mjini Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa ndani ya hema la sarakasi na kundi la watoto, wakitazama chui milia wakichezeshwa. Wanaharakati wa leo wangemuuliza alikuwa akifanya nini pale. Yeye hakuwahi kuona mgongano: mtu aliyenusuru bustani yake kwa sarakasi, aliyebeba duma hadi studio na okapi hadi Ulaya, aliamini kumwona mnyama ndiyo hatua ya kwanza ya kumpenda. Majivu yake yalipelekwa Ngorongoro na kuzikwa kando ya Michael.

Ahadi ambayo gavana aliwapa Wamaasai mwaka 1959 iliendelea kupunguzwa. Mwaka 1974 Wamaasai waliondolewa ndani ya kreta. Mwaka uliofuata kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote la Ngorongoro. Watu waliokuwa kama 8,000 wakati wa mgawanyo wakazidi 100,000, na serikali ikasema ardhi haiwatoshi watu, mifugo na wanyama kwa pamoja. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Serikali inasema ni kwa hiari, wapinzani wanasema huduma zilipunguzwa kwanza ili hiari ipatikane. Mwezi huohuo, uwekaji wa alama za mpaka Loliondo, jirani na Serengeti, uligeuka mapambano, askari polisi akauawa na wanakijiji wakajeruhiwa. Mwaka 2023 ujumbe wa Wamaasai ulikwenda Ulaya, Ujerumani ikiwemo, kueleza malalamiko yao. Walikuwa wakizungumza na wajukuu wa watazamaji wa Grzimek.

Lingekuwa kosa kumtwika mtangazaji mmoja maamuzi ya serikali za miaka 60. Sheria zilitungwa Dar es Salaam, na kabla ya hapo na Waingereza. Lakini picha ya nyika isiyo na mtu, iliyowafundisha watu wa mbali kwamba mwenyeji ni doa kwenye mandhari, aliichora yeye kwa ustadi kuliko yeyote, na bado inatumika kuuza tiketi.

Katika kanda yetu kamera imeanza kubadili upande. Mwaka 2019 mwanasayansi wa Kenya Paula Kahumbu alianza kuonyesha kipindi cha Wildlife Warriors kupitia Citizen TV, akiwaweka mbele Wakenya wanaoishi na kufanya kazi na wanyama, na kuwalenga watazamaji wa Kenya wenyewe. Mtazamaji huyo ana shamba linaloweza kukanyagwa na tembo wanaozungumziwa. Hapo huwezi kuuza huruma bila kutaja fidia, uzio, wala mtoto anayekwenda shule alfajiri.

Somo la kuku nalo limefika. Vizimba vilivyokataliwa Ulaya sasa vinauzwa kwa wafugaji wa Kenya, Uganda na Tanzania, vikisifiwa kwa kuokoa nafasi na kurahisisha ukusanyaji wa mayai. Mama anayenunua trei ya mayai nchini Uganda, Bugembe kando ya barabara ya Jinja kwenda Iganga, au Mbale sokoni, haulizwi kuku aliishi vipi, na bei ya trei ndiyo anayoijua. Mfugaji naye ana mkopo wa benki na chakula cha kuku kinachopanda kila msimu. Kuzungumza nao kuhusu bawa lisilonyooshwa ni kazi ngumu kuliko kumhurumia kifaru aliye katika picha.

Ugumu huo ndio kipimo. Katika miaka 30 ya kipindi chake, Grzimek aliwaomba watu wake mambo mengi ya kupendeza na machache ya kuuma. Ya kupendeza yalitimizwa haraka na kulipiwa na wengine. Yaliyouma yalisubiri kizazi kizima, lakini yaliposhinda yaliandikwa katika katiba yao wenyewe, na hakuna kijiji kilichohamishwa ili kuyatekeleza. Mwanahabari wa Kampala, Nairobi au Dodoma atakayeamua kuwatetea wanyama leo ana njia zote mbili mbele yake, na atajua ameshika ipi siku watazamaji wake watakapoanza kumpigia simu za hasira kuhusu bei ya mayai.